Sabuni Yenye Harufu ya Hasani

Hasani fundi friji alipofariki, mjane wake Sabiha alilia, akakaa eda kama alivyofundishwa, akatoka eda, na hapo ndipo taabu ilipoanza. Wakati wa eda alikuwa na kazi, nayo ilikuwa kazi ya kukaa. Wanawake walimletea uji, wakamsomea dua, wakamweleza habari za marehemu wao. Eda ilipokwisha kila mtu alirudi kwenye shughuli zake, naye akabaki peke yake katika nyumba ya Musoma, katikati ya friji mbovu za watu ambazo wenyewe hawakuja kuzichukua.

Akaanza kuzifuta. Alifuta ya kwanza mpaka ya mwisho, kisha akarudi ya kwanza. Siku moja jirani yake Flora alimkuta ameingiza kichwa na mabega ndani ya friji isiyo na umeme, anafuta na kuongea nayo kwa sauti ya upole.

"Dada Sabiha," Flora alisema, "unahitaji kitu cha kufanya kwa mikono."

"Ninacho. Nafuta."

"Kitu kinachoisha."

Flora alikuwa na mbuzi wa maziwa aliopewa nyumbani kwao Suguti, na maziwa yao hayakuwa na mnywaji. Mumewe, Machage, alisema maziwa ya mbuzi yanamwotesha kwamba amerudi shule ya msingi na ameitwa mbele kutaja jedwali la saba. Aliyanywa mara mbili, akaota mara mbili, hakutaka tena. Basi Flora alijifunza kwa akina mama wa kanisani kuyageuza sabuni, na mchana huo akamshika Sabiha mkono, akampeleka uani kwake, akamvalisha glavu na kumkabidhi mwiko.

Sabuni ya maziwa ya mbuzi haitaki haraka. Maziwa yanagandishwa kwanza yawe barafu, kwa sababu ile dawa kali wanayoiita kostiki ikikutana na maziwa ya vuguvugu inayaunguza, yanageuka rangi ya kutu na kunuka vibaya. Inanyunyizwa kidogo kidogo juu ya barafu, huku uso umegeuzwa pembeni. Kisha yanakuja mafuta ya nazi na ya mawese, halafu ni kukoroga. Unakoroga mpaka mchanganyiko uwe mzito kama uji wa mgonjwa, mwiko uache njia nyuma yake na njia ile isifutike. Mwishoni unatia manukato, unamimina ndani ya boksi, unalifunika blanketi kama mtoto mwenye homa.

Sabiha alikoroga mchana ule mpaka jua likapunguza ukali, na alipoinua kichwa aligundua kwamba kwa muda wote huo hakuwaza kitu. Usiku alilala. Asubuhi yake alirudi kwa Flora kabla Flora hajafungua mlango.

Wakatengeneza ya mchaichai, wakatengeneza ya asumini, wakatengeneza ya mdalasini. Mtaa mzima ulinukia. Fundi baiskeli wa kona alinukia kama bibi harusi na hakuona haya. Lakini kila kipande alichokata, Sabiha alikinusa na kutikisa kichwa, maana moyoni alishaanza kutafuta harufu moja tu, na haikuuzwa sokoni.

Hasani alinukia karafuu, kwa sababu ya jino lililokuwa likimsumbua na alilokataa kung'oa. Alinukia pia grisi na, kwa mbali, moshi wa bati linalochomelewa. Sabiha akaponda karafuu. Akakwangua grisi kwenye boksi la spana zake. Akafukiza vumbi la bati kwenye kibakuli cha mafuta kwa namna ambayo hakumweleza Flora. Alikosea mara nyingi. Mara moja alimpata kabisa mjomba wake Hasani, mtu ambaye hakuwahi kumpenda, ikabidi sabuni ile wapewe watu wa mbali.

Halafu siku moja alifunua blanketi, na Hasani akawa yumo uani.

Sabiha alikaa chini. Flora, aliyekuwa akianua nguo, aligeuka taratibu akaangalia mlangoni.

"Ni sabuni," Sabiha alisema.

"Nimeona," Flora alisema, lakini akajifunga khanga vizuri.

Sabuni hiyo hakuikata. Ilibaki bonge zima, ukubwa wa tofali, rangi ya chai ya maziwa. Akaiweka kwenye kiti cha Hasani. Jioni akila, alikula nayo mezani, akamweleza mambo ya mchana, na usingizi wake ukawa wa mtu aliyeshiba. Majirani walizoea upesi kuliko ambavyo ungetegemea. Machage, ambaye ni mtu wa adabu, aliuliza kama akija kuazima nyundo amsalimie mzee kwanza au aombe nyundo kwanza. Akaambiwa amsalimie. Akasalimia, akakaa kidogo, akasema kiangazi kimekuwa kirefu, akaondoka na nyundo.

Baada ya mavuno ikaja harusi Bunda. Kaka mkubwa wa Hasani, Abdulnasir, mfanyabiashara wa vyombo, alikuwa akimwoza binti yake Ikhlas. Sabiha alifunga safari akiwa na kikapu, na ndani ya kikapu, imevingirishwa shuka safi, ilikuwamo sabuni. Kumwacha Hasani peke yake Musoma wakati mtoto wa kaka yake anaolewa aliona ni kumdhalilisha.

Abdulnasir alimpokea kwa furaha iliyokuwa na jasho. Alimsukumia sebuleni haraka, akamkalisha kwenye kochi la ndani kabisa, akamsihi asisumbuke kwenda jikoni, asisumbuke kabisa, jikoni kuna moshi, jikoni kuna watu. Sabiha alidhani ni heshima ya mjane.

Huko jikoni, nyuma ya nyumba, kulikuwa na mwanamke mrefu wa Bunda mjini, mshonaji, anamenya viazi vya pilau. Upepo uligeuka. Mwanamke yule aliweka kisu juu ya viazi, akanyanyuka, akafuata pua yake kupitia ukumbi, akapita katikati ya mashangazi, mpaka akasimama mbele ya kochi la Sabiha.

"Hasani amefika saa ngapi?" aliuliza.

"Hasani yupi?"

"Mume wangu. Fundi friji. Ameniambia yuko Ukerewe kwenye mitambo ya barafu, kumbe yuko hapa anajificha. Namsikia harufu."

Sabiha alimtazama mwanamke yule kwa muda. Kisha, kwa kuwa hakujua mtu afanye nini kingine, akafunua kikapu.

"Labda unamsema huyu," alisema.

Yule mwanamke akainama, akanusa, akainuka. "Hii ni sabuni."

"Ndiyo. Mwenyewe alifariki."

"Hawezi kuwa amefariki. Asubuhi ameniandikia ujumbe."

"Amefariki, dada. Nimemkalia eda."

"Wewe kama nani?"

"Kama mke."

Mwanamke yule hakubishana zaidi. Alitoa simu kwenye mkunjo wa khanga, akapiga, akaiweka sauti ya wazi ili kila mtu asikie mwenyewe. Nje, chini ya turubai, sheikh Amini alikuwa katikati ya kuwaombea dua maharusi. Ndipo ndani ya kanzu ya Abdulnasir jogoo akawika. Ule ulikuwa mlio wa simu ya Hasani, na Sabiha aliufahamu kama anavyofahamu kikohozi chake mwenyewe. Jogoo aliwika tena. Abdulnasir, mikono yake ikiwa imeinuliwa kwa dua, aliushusha mmoja, na kwa mazoea ya mtu aliyelifanya jambo hilo tangu msiba, akapokea.

"Niko kazini, mke wangu," alisema, kwa sauti iliyojibu kutoka kwenye simu ya sebuleni. "Huku network ni mbaya."

Watu wa chini ya turubai walisema amina.

Ilichukua muda kupata chumba kilicho kitupu siku ya harusi, kwa hiyo kikao kilifanyika stoo, baina ya magunia ya mchele. Abdulnasir alikaa juu ya ndoo na kueleza. Siku ya msiba alikuwa na simu ya marehemu mkononi, mke wa Bunda akaandika kuuliza kama amekula. Hakujua amjibu nini, akajibu kwamba amekula. Baada ya hapo, alisema, kila siku ilikuwa ngumu zaidi kumwambia mtu kwamba jana alikuwa akiongea na asiyekuwepo. Alisema amechoka. Alisema hata mkewe mwenyewe hajawahi kumwandikia maneno mazuri kama yale.

"Wewe shemeji," mwanamke wa Bunda alisema, "wewe ndiye uliyeniambia mchuzi wangu wa sato umeukumbuka?"

Abdulnasir alitazama mchele. "Niliukumbuka kweli. Niliwahi kuula."

Sabiha akamgeukia mwanamke wa Bunda. "Unaitwa nani?" alimuuliza mwenzake.

"Kwangu."

Sabiha akafumba macho. Kila baada ya siku chache, kwa miaka yote ile, Hasani alikuwa akifunga boksi la spana nyuma ya pikipiki yake nyekundu na kusema, naenda Kwangu Bunda. Naye Sabiha akaelewa kwamba mume ana kiwanja. Alimuuliza mara kwa mara maendeleo, na Hasani akajibu Kwangu hajambo, Kwangu pazuri, Kwangu kumepata mvua. Alishachagua mpaka rangi ya mapazia. Mtu yule hakumdanganya hata mara moja, na hilo ndilo lililomuuma kuliko vyote.

Wakamwita sheikh Amini, akaja na sahani yake ya pilau. Kwangu aliuliza kuhusu eda yake, aanze lini. Sheikh alifikiri, akauliza tarehe ya kifo, akasema kwa masikitiko kwamba eda huhesabiwa tangu mume alipofariki, wala haingoji mke apate habari. Eda yake ilikuwa imeshakwisha zamani.

"Imekwisha lini?"

"Mwaka jana."

"Mwaka jana nilikuwa nashona suruali zake," Kwangu alisema. "Kwa hiyo nalia lini?"

Sheikh aliweka kijiko. Aliulizwa basi kuhusu sabuni, kama ni mirathi. Akainusa, na kwa kuwa alimfahamu marehemu, akasema innalillahi kwanza. Kisha akasema harufu ya mtu hairithiwi, sabuni ni ya aliyeikoroga.

Kwangu alitikisa kichwa kukubali. Alisimama, akarudi jikoni, akaendelea na viazi. Sabiha alimtazama kupitia dirisha la stoo. Alimwona anamenya kiazi, anakimaliza, halafu anaendelea kukimenya kikiwa hakina ganda, mpaka kikawa kidogo kama gololi, akachukua kingine. Mikono ile Sabiha aliijua. Alikuwa nayo mwenyewe, ndani ya friji.

Akamfuata jikoni na kikapu. Akaweka bonge juu ya ubao, akaazima kisu cha nyama, akalikata katikati. Harufu ilipanda ikaenea ua mzima, na wageni wote waliomjua Hasani wakaacha kula, wakaja mmoja mmoja kuwapa pole wajane wawili. Kwangu alikipokea kipande chake kwa mikono yote miwili, akakishika kifuani juu ya aproni, na hapo ndipo alipopata wakati wake wa kulia.

Wiki iliyofuata alitokea Musoma na mkoba wa nguo. Flora alimpa glavu. Walikoroga wote watatu kwa zamu, na Kwangu, akiwa na mwiko, aliona kile alichokiona Sabiha, kwamba mtu hawezi kukoroga na huku anasambaratika. Lakini sabuni ilipokomaa hakuridhika.

"Huyu ni Hasani wa kazini," alisema. "Kwangu hakuwaga hivi. Kwangu alinukia mkaa na ndimu."

"Ndimu? Hasani alichukia ndimu."

"Alizipenda. Alikuwaga anajipaka makwapani."

Sabiha aliliwazia hilo siku nzima. Walitengeneza Hasani wa Bunda, wakatengeneza Hasani wa Musoma, kisha, baada ya mabishano ambayo Machage aliyasikia akapita mbali, wakawachanganya. Sabuni ile ilikuwa nzuri, lakini haikuwa mtu. Walipofumba macho wakainusa, walimwona Hasani mpaka shingoni, uso haukuja.

Wakamwita Abdulnasir aje anuse. Alikuja bila kubisha, maana tangu harusi alikuwa mtu wa kuitika kila anapoitwa. Alinusa upande mmoja, akanusa upande mwingine.

"Alhamisi haimo," alisema.

"Alhamisi gani?"

Abdulnasir alianza kutafuta ndoo ya kukalia. Alhamisi, alisema, Hasani alikuwa akienda Butiama, sehemu za Mwitongo. Kwa nani, hakujua. Hakuuliza. Alikuwa ameshajua mambo mengi kuliko alivyotaka.

Sabiha na Kwangu walitazamana. Sabiha alikuwa akiamini Alhamisi mumewe anatengeneza mitambo ya bucha za Bunda. Kwangu alikuwa akiamini anatengeneza ya Musoma.

Walikwenda Butiama wamevalia vizuri. Sabiha alivaa baibui la Idi, Kwangu alivaa gauni aliloshona kwa ajili hiyo, na njiani waligawana maneno. Sabiha angeanza kwa upole, Kwangu angemalizia. Walikuwa wamekubaliana kwamba huyo wa tatu, hata akilia namna gani, hapewi sabuni mpaka ajieleze. Waliulizia fundi friji wa pikipiki nyekundu, wakaelekezwa nyumba moja yenye uzio wa minyaa, na ndani ya uzio wakamkuta bibi kizee amekaa kwenye kigoda anakamua mbuzi. Hakuwa na jino la mbele hata moja.

Maneno yao yote yakapotea. "Shikamoo bibi," Sabiha alisema.

"Marahaba. Mmetoka mbali. Kaeni, huyu nikimwacha sasa haachii tena maziwa."

Aliitwa Gati. Walipomtajia Hasani aliuliza kama amepona. Tangu alipoacha kuja, alidhani ni mgonjwa. Wakamweleza kwamba hakupona, na bibi akaacha kukamua, akasema pole kwa lugha yake na kisha kwa Kiswahili.

"Alikuwa anafanya nini hapa?" Kwangu aliuliza.

"Alikuwaga analala."

"Na nani?"

"Na mbuzi."

Akawaonyesha banda. Lilikuwa na paa la nyasi na mkeka pembeni. Siku moja ya mvua, Gati alisema, pikipiki yake ilizima hapo nje, akaomba kujikinga, akalala bandani kutwa nzima. Alhamisi iliyofuata akarudi, mvua haipo, pikipiki nzima. Anafika, anasalimia, anavua viatu, analala. Jioni anakunywa kikombe cha maziwa, anakwenda zake. Mwanzoni Gati alidhani anawakimbia polisi, baadaye akaona hakuna polisi anayetafuta mtu kwa uvivu hivyo.

"Hakusemaga chochote kuhusu sisi?" Sabiha aliuliza.

"Alisema ana wake wawili wazuri, na akiwa kwa mmoja hathubutu kusinzia vizuri, asije akamwita jina la mwenzake usingizini. Hapa hakuwa na shida hiyo. Hawa mbuzi wote mimi nawaita Njoo."

Wajane walisimama mlangoni mwa banda. Walikuwa wamejiandaa kwa mwanamke mzuri, kwa watoto wenye pua ya Hasani, kwa nyumba ya bati la rangi. Hawakujiandaa kumwonea wivu mkeka. Kwangu ndiye aliyevua viatu kwanza. Alisema anajaribu tu. Sabiha akalala upande wa pili, baibui la Idi na yote, mbuzi mmoja akaja akajikunja miguuni mwao, na walipoamka kivuli cha uzio kilikuwa kimeshavuka ua.

Walirudi Alhamisi nyingine na mafuta, kostiki na barafu ya kupozea maziwa kwenye kopo, wakaikorogea sabuni pale pale, kwa maziwa ya Gati. Hawakutia karafuu wala ndimu. Dume la mbuzi lilikuwa limefungwa karibu, nalo likatoa mchango wake hewani kwa ukarimu. Sabuni ilipokomaa walikuja kuifunua, wakainama, wakanusa.

Ilinuka beberu. Ilinuka vibaya, kwa nguvu, bila huruma, na uso wa Hasani ukaja wote, na makunyanzi ya kucheka, kama anavyoingia mlangoni Alhamisi jioni na kusema amechoka, ile kazi ya leo ilikuwa ngumu. Sabiha alianza kucheka. Kwangu akacheka mpaka akashika nguzo. Kisha waligombana kidogo, kila mmoja akimsihi mwenzake aichukue, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kuipeleka nyumbani kwake harufu ile, wakamwachia Gati, wakamwambia ni zawadi. Hawakumwambia kwamba ni nani.

Walipokwenda tena wakakuta ukuta wa udongo umeanikwa nguo za bibi, mashuka meupe, na masufuria yanang'aa juani.

"Ile sabuni yenu imeisha," Gati alisema. "Inatakatisha vizuri. Lakini povu lake dogo."

Sabiha alimtazama Kwangu, Kwangu akamtazama Sabiha.

"Tutaongeza mafuta ya nazi, bibi," Kwangu alisema, akaanza kuvua viatu.